Nilivyokwenda Kasulu Kuangalia Makaburi ya Watu wa Idrisa

Nyie wenzangu wa Boko mnanisimamisha kila nikienda kununua sukari. "Bibi Tatu, ulipotelea wapi? Ati ulikwenda Kigoma peke yako?" Nimechoka kugawa habari vipande vipande. Kila mtu nampa kipande chake, jioni nasikia vimeungwa huko bombani vimekuwa habari nyingine kabisa. Basi naandika mara moja. Mkono wangu ni wa darasa la nne, mtavumilia.

Kilichonitoa nyumbani

Zuhura mnamjua, mjukuu wangu, nimemlea mie tangu mama yake alipofariki. Huyo ndiye aliyeposwa na Idrisa, yule fundi wa kuchomelea mageti anayepanga chumba kule bondeni. Nusu ya mageti ya mtaa wetu kachomelea yeye, hata lile jeusi la jirani yangu Mhaya. Alipokuja kuposa alileta wazee wawili. Nikawatazama viatu: vimetobolewa na cheche, vyote vinne. Wazee gani hao, mafundi wenzake tu walioazima kanzu. Idrisa akasema yeye ni Muha, kwao ni kijiji nje kidogo ya Kasulu, kalelewa na bibi yake anayeitwa Ashura.

Halafu nyie ndio mkaniletea maneno. Mmoja wenu, simtaji, akakaa kwenye mkeka wangu akanywa chai yangu akasema, "Tatu, angalia. Huyo si Muha, huyo ni Mrundi. Wakivuka tu wanasema Kasulu." Alipoondoka chai yangu ilikuwa imepoa sijainywa.

Mie Boko hii naijua ilipokuwa mikorosho. Kwanza walikuja Wachaga na maduka yao. Wakafuata Wahaya na Wanyakyusa, walimu na makarani, wakajenga kidogo kidogo kila wakipata mshahara. Wenye nazo wakapitiliza Mbweni, wenye nazo zaidi walishatulia Mbezi Beach zamani. Nyuma yao wakaja mafundi wao, walinzi wao na madada wao wa kazi, hao ndio wanaopanga kwetu sie tuliobakiwa na vyumba vya uani. Leo nikitoka nje, mtu ambaye namjua mpaka babu yake ni yule Mwarabu wa duka la kona tu. Wengine wote naona wametoka ndani ya basi.

Na kwetu posa haijibiwi mpaka mtu wa nyumba aende kwao mume akaone makaburi. Mtu anaweza kuazima kanzu, akaazima mjomba, akaazima hata nyumba ya kupokelea wageni. Makaburi nani atakuazima? Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Lakini wanaume wa nyumba yangu waliobaki wanachunguza kwa simu. Mpwa wangu alipiga simu kwa rafiki yake aliyewahi kukaa Kigoma, akakata, akasema, "Wako sawa, shangazi." Sawa ya simu mie siitaki. Nikamwambia Zuhura nakwenda Dodoma kumwona mgonjwa, nikafunga kikapu.

Sikilizeni nilivyokifunga, maana huko mbele mtakihitaji. Chini kabisa niliweka kitambulisho changu ndani ya mfuko wa nailoni. Juu yake visheti, juu ya visheti mikate ya kumimina, juu kabisa samaki aina ya changu, wa kukaanga. Nilijiambia mwizi hutafuta pochi, hatafuti visheti.

Treni ya umeme mpaka Dodoma

Treni ni safi na baridi yake ni ya kuhifadhia samaki. Nilijitanda kanga mbili. Pembeni yangu akakaa kijana mwenye begi jipya na viatu vya kuchongoka. Akasema, "Shikamoo bibi, nikupandishie kikapu juu?"

"Marahaba. Kiache kilipo."

Nikakiweka katikati ya miguu. Yeye akalala, kinywa wazi. Mie nikaamua huyu halali, anajifanya. Mpaka Morogoro sikufumba jicho, namvizia anivizie. Wala hakunivizia. Alipoamka akapiga miayo, akaniuliza, "Bibi, unatoka kijiji gani?"

"Natoka Boko."

"Boko unakaa. Nauliza kwenu."

"Kwetu ni Boko."

Akacheka kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mtoto. "Hapana bibi, kwenu hasa. Kule mnakokwenda kuzika."

Nikamwambia, "Kijana, mie nimezaliwa Boko, baba yangu kazaliwa Boko, na hilo geti unalolinda wewe," maana alishaniambia ni mlinzi wa nyumba moja Mbweni, "limesimama kwenye njia niliyokuwaga napita kwenda kuokota korosho." Nikaona hajaniamini. Anadhani nimesahau kwetu kwa uzee.

Yeye ni Mgogo, alikuwa anarudi kusaidia kulima, kisha atashuka tena Mbweni. Basi hilo nalo nikaliweka kichwani. Siku zote nimedhani hawa watu wakishafika hawatoki. Kumbe wanatoka na kurudi kila mwaka. Ni mie tu sijawahi kupanda treni kuwaona.

Dodoma mpaka Tabora

Kwenye basi huko hakuna la kusifia. Tulipita Manyoni, tukapita Itigi, na mbele ya Itigi tairi likapasuka. Tairi la akiba lilikuwepo, jeki ndiyo haikuwepo. Utingo akasema jeki inakuja na basi la nyuma. Nikamuuliza basi la nyuma liko wapi. Akasema, "Nyuma, bibi."

Tukakaa porini kwenye vichaka vikavu, nyuki wanatuzunguka. Akatokea mama mmoja, sijui katokea wapi maana nyumba sikuiona, na ndoo ya ugali na sufuria la mlenda. Watu wakala. Mie sikula. Nani aliyeuona mlenda wake ukipikwa? Nikala mkate wangu wa kumimina, nikashushia na maji. Baadaye mkate wa kwanza ukaisha tumboni na jeki haijaja. Mama wa mlenda akaja akaninamia, akaniuliza pole pole, "Bibi, unaogopa nitakuwekea nini? Tumekaa jua moja tangu mchana." Nikala. Mlenda ulikuwa mzuri kuliko wangu, na haya mkiyarudia mbele ya Zuhura nitakataa.

Tabora nililala nyumba ya wageni. Mlango wa chumba haukuwa na komeo, nikasukuma kitanda mpaka mlangoni.

Tabora mpaka kizuizini

Hapa ndipo nilipoaibika, na sitaki msikie kwa mtu mwingine.

Asubuhi, ndani ya basi la Kasulu, akapanda mama mnene mwenye kilemba cha njano. Akatafuta kiti, akaniona na kanga zangu, akasimama. "Huyu katoka pwani huyu. Mzaramo wewe?"

"Mzaramo. Wewe nani?"

"Mimi Mnyamwezi. Sogea, mtumwa wangu, nikae."

Wenzangu, roho ikatulia kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani. Mtani. Kati ya watu wote wa njiani huyu pekee nilijua nimfanye nini. Nikamwambia, "Mtumwa wako nani? Babu yako alifika kwetu kabeba pembe kichwani, kavaa ngozi, tukampa nazi akadhani ni jiwe."

"Na babu yako alikuwa mvivu mpaka nazi anasubiri imwangukie."

Tukaenda hivyo mpaka Urambo. Basi zima linacheka. Jina lake Mama Kulwa, mfanyabiashara, alikuwa anakwenda Kasulu kufuata maharage. Alipomaliza kunitukana akainama, akabeba kikapu changu, akaenda nacho kiti cha nyuma kabisa kwa wenzake. Nikasikia wanatafuna. Mtani akichukua chako hujaibiwa, unamtukana tu, zamu yako ya kuchukua chake itakuja. Nikamtukana, nikalala. Nilivyolala usingizi wa raha, mtu ambaye sikumwamini mlinzi wala mpika mlenda.

Niliamshwa tulishapita daraja la Malagarasi na Uvinza. Basi limesimama kizuizini. Afisa kijana, mrefu, lafudhi ya kaskazini, anapita kiti kwa kiti. "Kitambulisho, bibi."

Nikapapasa miguuni. Hakuna kikapu.

"Kiko kwenye kikapu."

"Kikapu kiko wapi?"

"Kachukua mtani."

"Amekuibia?"

"Hajaiba. Amechukua."

Akanitazama. "Anaitwa nani huyo aliyechukua?"

Nikageuka, nikamwona Mama Kulwa kule nyuma, kikapu mapajani, mafuta ya samaki kidevuni. "Yule pale. Mtani, nipe kikapu changu."

Mama Kulwa akanitazama kama mlango uliofungwa. "Bibi huyu? Simjui. Kapandia porini huyo. Mrudisheni kwao."

Basi zima likaangua kicheko. Afisa hakucheka. Kwao huko sijui kama wana watani. Akasema, "Bibi, shuka."

Nikashuka. Kulikuwa na benchi chini ya bati, wameketi watu walioshushwa kwenye mabasi mengine. Mmoja alikuwa msichana mwenye mtoto mgongoni. Nilipoketi nikasogeza kanga yangu isimguse. Nikajiambia hawa ndio wale wenyewe, mie nimewekwa hapa kwa bahati mbaya. Halafu mzee mmoja, koti lake limechanika bega, akanitazama kisha akasogeza mzigo wake upande wa pili. Alikuwa ananikimbia mie.

Afisa akaanza. "Unakaa wapi?"

"Boko, Dar es Salaam."

"Mwenyekiti wako wa serikali ya mtaa anaitwa nani?"

"Yule Mpare mwenye duka la saruji."

"Jina lake."

Nikatafuta jina. Wenzangu, sikulipata. Alipogombea nilisema simpigii kura mgeni, na tangu siku hiyo sikujisumbua na jina lake.

"Jirani yako wa kulia?"

"Mhaya. Mwanamke."

"Anaitwa nani?"

"Ana geti jeusi."

"Wa kushoto?"

"Geti la kijani. Wana mbwa."

"Wa mbele?"

"Hilo bado halijapakwa rangi."

Afisa akaweka kalamu chini. "Bibi, wewe unakaa na watu au na mageti?"

Nikamwambia asikilize lafudhi yangu. Kiswahili changu ni cha pwani tupu, lakini akasema Kiswahili siku hizi hata wa ng'ambo wanacho. Nikamtajia majina ya marehemu wote wa Boko. Akasema marehemu hawawezi kuja kunidhamini. Dereva akapiga honi. Nikaona wazi basi linaondoka, mie nabaki kwenye benchi la watu wasiojulikana, na Zuhura anajua bibi yake yuko Dodoma.

Ndipo Mama Kulwa akateremka, pole pole, kikapu kichwani, anajilamba vidole. "Mpe mtumwa wangu njia," akamwambia afisa. "Mwanangu, huyu ni Mzaramo. Wazee wetu walishaumizana kwa maneno tangu enzi za misafara, ndiyo maana tunatukanana hivi. Angekuwa si mtani wangu ningethubutu kumlia samaki wake?" Akachomoa ule mfuko wa nailoni chini ya visheti, kitambulisho kimeloa mafuta. Afisa akakifuta kwenye suruali, akaangalia picha, akaniangalia mie. "Samahani, bibi. Nilikuwa kazini."

"Najua," nikamwambia. "Mie pia nilikuwa kazini." Hakuelewa, wala sikumweleza.

Mama Kulwa akampa mtoto wa yule msichana kisheti. Msichana akapokea kwa mikono miwili. Sijui walimpeleka wapi. Dirishani nilimwona bado ameketi, mtoto anatafuna, pale nilipokuwa nimekaa mie hakuna mtu.

Njia iliyobaki sikutukana tena. Mama Kulwa akaniuliza, "Mtani, umekasirika?"

"Sijakasirika. Nafikiri."

"Mzaramo anafikiri. Tusimamishe basi."

Kwa Bibi Ashura

Kasulu ni baridi, milima kijani, udongo mwekundu unashika miguu. Bodaboda alinipeleka kijijini bila kuniuliza mengi, lakini aliniteremsha kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji. "Mgeni anaanzia hapa, bibi. Huku ni mpakani." Mwenyekiti akanitazama, akaniuliza nimetoka wapi na nimemfuata nani, akaandika. Nikaona kumbe wao wanaandika mgeni mmoja mmoja. Sie Boko wageni wetu tuliwasikia kwa kelele za matofali tu.

Nyumba nyingi za kule nilizoziona zina mzee na watoto wadogo. Katikati hakuna mtu. Katikati wote wako kwetu, wanachomelea mageti.

Bibi Ashura nilimkuta anachambua maharage. Mdogo, mkavu, macho makali. Wanawake wa kule wakikuamkia wanapiga makofi madogo wameinama, na maamkizi yanakwenda marefu mpaka mgongo unauma. Tulipomaliza nikasema mie ni bibi wa msichana aliyeposwa na Idrisa.

Akaacha maharage. "Umekuja kumchunguza."

"Nimekuja kuwaamkia."

"Kutoka Dar es Salaam mpaka hapa hakuna mtu anayekuja kuamkia. Karibu ndani."

Akanipikia ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, kwa mawese. Mafuta mekundu, nikayatazama sana kabla ya kuchovya. Yeye akasubiri nile kwanza. Nami nikasubiri ale kwanza. Tukakaa hivyo, bibi wawili, ugali unapoa. Mwisho akamega tonge, akala, akasema, "Haya. Sijafa." Nikala.

Nikamuuliza waziwazi, maana sikusafiri vile ili nizunguke. "Idrisa ni Mrundi?"

"Baba wa baba yake ni Muha wa hapa hapa. Mimi ndiye niliyetoka ng'ambo. Alinioa huko alipofuata biashara ya maharage, akanileta nikiwa msichana, kabla hatujahamishiwa vijijini. Sijaficha. Nani ameniuliza mpaka leo?"

"Basi nionyeshe makaburi."

Akaniongoza nyuma ya migomba. Palikuwa na kaburi moja, limezungushiwa mawe, limepaliwa safi. Moja tu. Nikatazama huku na huku.

"Mengine?"

"Ya wakwe zangu yako kule tulikokuwa tukikaa kabla ya kuhamishwa. Sasa ni pori, hatuingii. Ya kwetu yako ng'ambo. Hapa nina huyu mume wangu."

"Na baba yake Idrisa?"

Akakaa juu ya jiwe. "Huyo ndiye ninayetaka nikuulize wewe. Aliondoka Idrisa akiwa mdogo, akasema nakwenda Dar, nitawaita. Hakuita. Sijui kama ana kaburi. Wewe unakaa huko, hujawahi kumsikia?" Akanitajia jina lake. Nilitamani ningekuwa mtu anayejua majina ya watu.

Nikasema sijawahi.

"Ndiyo ujue," akasema, "wewe huniamini kwa sababu natoka ng'ambo. Na mimi siwaamini nyie wa pwani. Mmenimezea mtoto. Sasa mnataka mjukuu. Kwenu makaburi yapo?"

"Yapo. Baba, mama, babu, kaka zangu. Yote hapo Boko."

"Idrisa ameyaona?"

Nikatikisa kichwa.

"Amekaa huko miaka yote, amechomelea mtaa mzima, hajaonyeshwa?"

Wenzangu, nyie mnajua kwa nini hajaonyeshwa. Kaka yangu aliyebaki alipouza shamba la kona, makaburi yalibaki humo. Mnunuzi akazungusha ukuta. Ni yule Mhaya, jirani yangu wa kulia. Mie tangu ukuta upande sijaingia. Kila Idi napita nje, nasoma fatiha naelekea tofali. Sikumwomba mgeni ruhusa ya kumwona mama yangu. Niliona nitakufa kwanza.

Bibi Ashura akatoa uamuzi kama vile yeye ndiye aliyeposewa. "Mwonyeshe mjukuu wangu hayo makaburi. Asimame hapo, anipigie simu aniambie ameyaona. Nikijua watu wanaomchukua wana mahali pa kukaa, namwachia aoe. Bila hivyo, mwambie arudi."

Nilikwenda kuchunguza, nikatoka nimepewa masharti. Nikamwambia nitamwonyesha. Akanifungia maharage kwenye kitambaa. Njiani nikakifungua kuona kama hakuna mawe ndani. Hayakuwepo.

Kurudi

Kurudi sina cha kusimulia, nililala tu. Kizuizini nilikuwa na kitambulisho mkononi tangu mbali. Yule afisa akapita akasema, "Bibi wa mageti, karibu tena." Nikamuuliza habari za msichana mwenye mtoto. Akasema zamu yake ilikwisha wakiwa bado wapo pale.

Kwenye geti jeusi

Zuhura nilimkuta ameshajua kila kitu. Bibi Ashura alimpigia Idrisa simu nikiwa bado kwenye basi. "Bibi, mgonjwa wa Dodoma anaendeleaje?" akaniuliza, na uso wake umenuna. Nikamwambia amepona, akamwite Idrisa.

Idrisa akaja amevaa shati safi. Nikamwambia tunakwenda kwa jirani. Nilipotaja makaburi yako wapi akaganda. "Bibi, geti lile nilichomelea mimi."

"Najua."

"Nilipochimba mashimo ya nguzo niliona vigae vya sahani na mawe ya kupangwa. Nikamuuliza mwenye nyumba, akasema kakuta hivyo hivyo. Tukachimbia mbali kidogo." Akatazama chini. "Komeo lake naweza kulifungua kwa nje. Tukaingia, tukatoka."

"Nipite kama mwizi kwa mama yangu? Gonga."

Akagonga. Akatoka mlinzi, kijana wa Kimasai. "Nyie wageni wa nani?"

Mie, mgeni, hapo hapo Boko. Nilishafungua kinywa nimjibu anavyostahili, nikakumbuka benchi. Nikasema, "Mwambie mwenye nyumba, jirani yake wa kushoto anataka kumwamkia."

Akatoka mwanamke mwenye miwani, chaki vidoleni. "Shikamoo bibi. Leo umekuja?"

"Marahaba. Mwanangu, sikuwahi kukuuliza. Unaitwa nani?"

"Mama Koku. Nafundisha shule ya hapo juu. Nilileta sahani ya pilau siku nilipohamia, ulinirudishia na kifuniko chake hakijafunguliwa." Hakusema kwa hasira. Alisema tu, kama mtu aliyekaa na sahani hiyo siku nyingi. Nikamwambia nilichofuata.

Uso wake ukabadilika. Akatuzungusha nyuma ya nyumba, njia nzima anasema, "Bibi, sikujua. Bibi, aliyeniuzia alisema ni mawe ya msingi wa zamani." Aliyemuuzia ni kaka yangu. Basi nikamwambia anyamaze.

Makaburi yapo. Ya baba na babu yamefagiliwa tu, sijui na nani. Ya kaka zangu yana maua. Ya mama yangu, wenzangu, juu yake kuna banda la kuku. Banda zuri, la waya, na mtetea ameatamia pale pale kichwani pa mama. Mtetea akanitazama kwa jicho moja.

Nilikaa chini. Mama Koku akaanza kufukuza kuku mwenyewe, na miwani yake, na chaki yake, analia. Idrisa alivua shati lake safi, akaegemea nguzo ya banda, akaing'oa. Kisha ya pili. Mlinzi akaja akashika upande mwingine. Banda likahamia ukutani, mtetea bado ndani na mayai yake, hajainuka. Tukasoma fatiha. Mama Koku si Mwislamu, alisimama kainamisha kichwa mpaka tukamaliza. Akasema Idrisa aje atoboe mlango mdogo upande wa kwangu, ufunguo nikae nao mie. Nikamwambia nitafikiri. Nilishakubali, ila sikutaka aone haraka.

Idrisa akapiga simu pale pale, vumbi kifuani. Akaongea Kiha, sikuelewa hata neno. "Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza nimeona mangapi."

"Mwambie yote. Na mwambie posa imejibiwa, ndiyo. Habari ya kuku usimwambie."

Akarudi kwenye simu, akaongea Kiha kirefu, nikamwona anajizuia kucheka. Nikamuuliza kasema nini, akasema kamwambia makaburi ni mazuri. Sikumwamini, na mpaka leo namwangalia.

Juzi ukaja mzigo kwa basi kutoka Kasulu, wa harusi. Dumu la mawese, maharage, na kikapu kimefungwa kamba, kinatikisika. Nikakifungua kwa mbali. Ndani kuna jogoo mzima mzima, shingoni kafungwa kitambaa, na ujumbe Bibi Ashura kautuma kwa mdomo wa dereva: huyu ni wa mama yako, apate wa kumwamsha.